Betri Mbili za Pikipiki

Juma lililopita fundi wa taa za jua, jirani yangu hapa mtaa wa Kenya, alikuja kunitengenezea betri iliyochoka. Aliifungua uani, akamwaga maji yake ya asidi katika beseni kuukuu, na mimi niliyekuwa nimeketi mlangoni nikichagua mchele nikainuka nikaingia ndani. Alidhani amenikosea. Hakuwa amenikosea. Ilikuwa ile harufu tu, kali, inayokwangua koo, harufu ya siki na chuma kilichochomwa. Ilinikuta sijajiandaa, na kwa kitambo nilikuwa tena mtoto wa kilo ishirini na mbili.

Uzito huo naujua kwa hakika, ingawa siku za kuzaliwa za wajukuu wangu nazikosea. Naujua kwa sababu baba aliuandika katika daftari lake, na kwa sababu ulinitesa miezi kadhaa. Nyinyi wa rika langu mliokuwa watoto mjini hapa wakati Katanga ilipojitenga mna yenu mnayoyakumbuka: ndege, milio ya bunduki, foleni za unga, ile bendera mpya yenye misalaba ya shaba. Mimi nakumbuka betri.

Mji ulikuwa bado unaitwa Elisabethville, nasi tuliishi mtaa huu huu wa Kenya, barabara chache kutoka hapa nilipo. Baba alikuwa fundi wa magari katika gereji ya Mzungu mmoja katikati ya mji. Kwa asili tulikuwa watu wa Kasai, jimbo jirani la Katanga, lakini yeye alizaliwa hapa. Babu ndiye aliyekuja kwa kazi ya reli. Kasai baba aliifahamu kwa safari mbili tu, zote za msiba. Nyumbani tulisema Kiswahili cha hapa, na Kiluba chetu cha Kasai baba alikiweka kwa ajili ya kusali na kukasirika. Mimi nilibeba jina la mama yake, Ngalula, kwa hiyo hakuniita kwa jina. Aliniita mama, kama desturi yetu ilivyo, nami nilijiona mtu mkubwa kwa sababu hiyo.

Gari alilianza kabla mama hajaondoka. Alipata fremu ya gari dogo lililopinduka, akaikata, akaipunguza, akaichomelea upya. Injini ilitoka kwenye gari jingine. Mwili wake aliugonga mwenyewe kwa nyundo ya mti, bati la aluminiamu juu ya mfuko wa mchanga, jioni baada ya jioni, mpaka majirani wakauzoea mlio ule kama wakaao karibu na kanisa wanavyozoea kengele. Lilikuwa gari la mashindano: la chini sana, pua ndefu, halina paa wala milango, viti viwili tu. Kila mwaka, wakati wa kiangazi, Wazungu walikuwa wakifunga kipande cha barabara nje ya mji na kushindana humo mmoja mmoja, kwa saa. Baba aliwatengenezea magari yao, kisha akasimama kando na kitambaa mkononi. Uhuru ulipofika alimwambia mama kwamba sasa hakuna tena wa kumzuia mtu mweusi kuandikisha gari lake.

Mwenzake katika kazi ile ya gari alikuwa Papa Mwansa, fundi wa gereji ile ile, mtu wa upande wa Luapula, yaani mwenyeji wa Katanga. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa mrefu, mwenye kucheka kwa pua, na kila alipoingia uani alinigusa utosini kwa kidole kimoja, kama mtu anayebonyeza kengele. Hawakuwa na watoto, yeye na mkewe.

Kisha mama akapata habari kwamba mama yake amefariki huko Kasai. Akamfunga mdogo wangu mgongoni, akapanda treni, akasema majuma matatu. Majuma yale hayakuisha. Akiwa huko, Katanga ikajitenga, njia zikakatika, treni zikaacha kupita, barua zikakoma. Watu wazima walizungumza mambo hayo kwa sauti ya chini na kwa maneno ya Kifaransa, na nilichoelewa mimi ni kwamba mama yuko mahali ambapo treni haifiki, na baba anatengeneza gari.

Hakuna aliyeniambia kwamba gari lile ni la kumfuata mama. Sikuona haja ya kuambiwa. Kiti cha pili baba alikipima kwa kitenge cha mama kilichobaki kwenye sanduku. Alikikunja, akakiweka pale, akakitazama muda mrefu kabla ya kukata mbao. Basi nikapanga safari kichwani. Kwenda, nitakaa mimi. Kurudi, atakaa mama na mtoto mapajani, nami nitajibana katikati, juu ya breki ya mkono. Nilijizoeza kukaa hivyo sakafuni, magoti yamegusa kidevu.

Baba alikuwa na imani moja kuhusu magari. Alisema injini kubwa ni ya tajiri, lakini wepesi ni wa kila mtu, kwa kuwa kupunguza hakuuzwi dukani. Alitoboa matundu kwenye kila kipande cha chuma kilichoweza kutobolewa. Kiti chake kilikuwa ubao na turubai. Bolti zilizozidi urefu alizikata kwa msumeno. Na kila alichokitoa au kukiweka alikiandika katika daftari la shule, uzito wake mbele yake. Mizani hatukuwa nayo. Aliweka ubao juu ya kipande cha bomba, na kwa kuwa masista walikuwa wamenipima shuleni, mimi ndiye niliyekuwa jiwe la mizani. Nilikaa upande mmoja, gurudumu au kiti kikawekwa upande wa pili, naye akasogeza ubao mpaka tukalingana, kisha akapiga hesabu.

Mwisho ilibaki betri. Ilibaki mwisho kwa sababu ilikuwa kitu kimoja ambacho hakuweza kukigonga kwa nyundo wala kukitoboa.

Betri ya kwanza ilikuwa ya lori. Papa Mwansa aliileta juu ya baiskeli, nyeusi, imevuja pembeni, lakini ina nguvu; Mzungu wao alikuwa ameitupa. Waliiweka juu ya ubao, wakaniweka upande wa pili, na ubao ukasimama sawasawa bila kusogezwa hata kidole. Papa Mwansa akacheka kwa pua yake.

"Ona," alisema. "Banakuwa mapasa."

Yaani pacha. Nilifurahi. Nilifikiri kulingana na kitu chenye nguvu vile ni sifa.

Ya pili tuliiona dukani, katikati ya mji. Baba alinipandisha mbele ya baiskeli, tukaenda kuitazama nyuma ya kioo. Ilikuwa mpya, ndogo kwa umbo, imetoka Ulaya, na karani alipotuona alituambia bei kabla hatujauliza. Baba aliomba kuishika. Aliinyanyua kwa mikono miwili, akafumba macho, akaishusha polepole, akashukuru. Tukarudi nyumbani mikono mitupu. Siku zile watu wa Kasai walikuwa wameanza kuitwa maadui wa Katanga, na Mzungu wa gereji alikuwa tayari amewaambia mafundi wa Kasai wasije kwanza, mpaka mambo yatulie.

Ya tatu, au niseme za tatu, zilitoka kwa mzee mmoja aliyeuza mabaki ya pikipiki nyuma ya reli. Zilikuwa sita, kila moja kama tofali dogo, juu zimeota unga mweupe wenye ukijani. Baba alieleza, akijieleza mwenyewe zaidi kuliko mimi, kwamba moja ina volti sita, na gari linataka kumi na mbili, lakini mbili zikifungwa pamoja, mkia wa hii kwa kichwa cha ile, zinatosha. Mzee hakuzithamini. Alizitoa zote sita kwa jozi ya viatu vya baba vya kanisani.

Nyumbani baba alizisugua kwa majivu na maji, akazijaza asidi mpya kwa kutumia faneli ya karatasi nene, na hapo ndipo harufu ile ilipoingia katika nguo, katika unga, katika mto wangu. Kisha Papa Mwansa akazibeba kwenda kuzichaji gerejini. Ziliporudi, baba alifunga kila moja kwa balbu ya tochi, akazipanga kwenye ukuta wa jiko, akaniambia nikae nizitazame. Nimwite zitakapobaki mbili.

Nilikaa pale asubuhi nzima, na siku iliyofuata, na ya tatu. Shule ilikuwa haina maana tena. Kwenye benchi langu nilibaki peke yangu, kwani Marthe niliyekaa naye alikuwa amehamishwa na mama yake akae mbele. Mtaani wasichana tuliorukaruka nao kamba walikuwa na kamba nyingine na barabara nyingine. Hawakunitukana. Waliacha tu kunisikia. Kwa hiyo nilizitazama balbu. Mchana mwanga wake ni mdogo sana, lazima uukinge kwa kiganja ili uuone. Nilizipa majina. Nilizungumza nazo. Siku ile ya tatu moja ilizimika kabla ya saa sita, mbili zikafuata, ya nne ikawa nyekundu kama jicho la mgonjwa. Mbili zilibaki hadi jioni. Nilipomwita baba alikuja akifuta mikono, akachuchumaa kando yangu, nasi tukazitazama pamoja. Ilikuwa saa nzuri kupita zote za mwaka ule.

Papa Mwansa alipofika walibishana. Nilikuwa nyuma ya pipa la maji, wao mbele ya gari, na hawakuniona. Papa Mwansa alisema betri mbili za pikipiki zitawasha moto wa plagi, sawa, lakini hazitazungusha stata, ile mota ya kuwashia, injini itawakaje? Baba akasema stata ataitoa, ni kilo nyingine zinazopungua. Na manivela, ule mkono wa kuzungushia injini? Manivela haikuwa na pa kuingilia, pua ya gari ilikuwa chini mno. Basi, alisema baba, litasukumwa. Hatua kumi tu, linawaka.

"Nani atasukuma?" aliuliza Papa Mwansa.

"Weye."

Papa Mwansa alicheka. Kisha akauliza jambo lililonikausha.

"Sasa Ngalula tunamuacha?"

"Tunamuacha," alisema baba. "Iko muzito sana. Tukimubeba hatufike."

Sikulia. Nilibaki nyuma ya pipa, shavu kwenye bati lenye baridi, nikajifunza maneno yale kwa moyo. Hayakuwa na hasira, na ndiyo maana niliyaamini. Baba alikuwa ananiacha kama alivyoacha bolti ndefu na milango. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo na kila kitu. Kwa nini asifanye na mimi? Nikafikiri pia kwamba watanipa kwa Papa Mwansa, ambaye hana mtoto, na kwamba ndiyo sababu aliuliza.

Basi nikaamua kuwa mwepesi.

Mtoto akiamua jambo hana mtu wa kumshauri, hasa akiwa peke yake mchana kutwa. Bukari, yaani ugali, aliyopika baba jioni, ngumu na yenye madonge, niliimega, nikaifinya, nikaificha katika mkunjo wa gauni, na asubuhi nikawapa kuku wa jirani. Samaki mkavu nilimtia mdomoni nikamtema. Maji nilikunywa, kisha nikasikia kwamba maji nayo yana uzito, nikayapunguza. Kila siku baba alipotoka nilipanda ubao wa mizani, na upande wa pili niliiburuta ile betri ya lori iliyoachwa kando ya ukuta, nikatazama. Siku ya kwanza nilipoinuka, mimi juu na betri chini, nilifurahi. Nilitaka kumwonyesha mtu. Hapakuwa na mtu.

Baba hakuona. Msimlaumu, mimi nilimlaumu miaka mingi, na haikunisaidia. Kutwa alitafuta kazi ya kibarua, na kila alipopita vijana wenye bendera mikononi walimwuliza anangoja nini hapa, kwao si huku. Nyumba za watu wa Kasai barabarani kwetu zilikuwa zinahamwa. Tuliwaona wakipita na magodoro kichwani, na masufuria, na cherehani, wakienda nje ya mji kwenye uwanja mkubwa ulipokuwa ulinzi wa askari wa kofia za bluu. Walimwita baba. Aliwajibu kwamba kitovu chake kimezikwa hapa, aende wapi. Kisha akarudi kwenye gari. Nadhani pale kwenye gari ndipo mahali pekee ambapo bado alikuwa fundi.

Jumapili moja Papa Mwansa alikuja akasimama nje ya ua wetu. Hakuingia. Hakunigusa utosini, ingawa nilikuwa karibu naye kuliko baba. Alikuwa amevaa shati la kanisani na alitazama mara kwa mara nyuma yake.

"Kaka," alisema, "shitakuya tena apa. Banatuangalia. Ndugu ya muke yangu iko pamoja na bale ba bendera."

Baba alikuwa anapiga tupa. Hakuacha.

"Njo vile," alisema.

"Shiko na chuki na weye. Unajua."

"Ninajua. Enda."

Papa Mwansa alisimama kidogo, akaondoka. Baba aliendelea kupiga tupa kipande kile mpaka kikawa chembamba kama kisu na hakikufaa tena. Tangu siku hiyo hakutaja jina lake. Mimi nilifikiri wamegombana kwa sababu yangu: kwamba Papa Mwansa amekataa kunichukua, na sasa baba hajui aniache wapi. Nikazidi kubana chakula.

Siku tuliyoondoka ilikuwa mchana mweupe, jua kali, bila upepo. Barabara ya pili moshi ulianza kupanda, mwanzo mmoja, kisha mitatu. Tulisikia kelele, na mlio wa mabati yakivutwa kutoka juu ya nyumba. Baba alisimama katikati ya ua kama mtu aliyesahau alichokifuata. Halafu akaingia ndani, akatoka na daftari lake, kitenge cha mama na mkate nusu, akavitia garini. Akafunga nyaya za betri zile mbili. Akavunja ua kwa shoka, maana gari lilikuwa halijawahi kutoka, tukalisogeza hadi barabarani. Lilikwenda kama kitanda cha mtoto, jepesi hivyo.

"Mama," aliniambia, "sukuma nyuma. Nitakaa kwa usukani. Ikiwaka tu, nakamata mukono yako, unaruka."

Nilidhani ni mtihani wa mwisho. Niliweka viganja viwili kwenye aluminiamu iliyochomwa na jua, nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Gari lilikwenda hatua mbili, tatu. Niliona weusi machoni, nikaanguka kwa magoti, nikainuka, nikasukuma tena, nikaanguka. Barabara yetu ina kimlima kidogo ambacho mtu hakioni mpaka awe na mzigo, na sisi tulikikabili. Baba alishuka, akasukuma mwenyewe kutoka ubavuni, akarukia ndani, lakini kasi ilikuwa imekwisha. Alijaribu mara mbili. Mara ya pili alibaki ameinama juu ya usukani, mgongo unapanda na kushuka. Kwenye kona vijana wanne watano walikuwa wamejitokeza, wakitutazama kwanza kwa mshangao wa gari lenyewe.

Mlango wa nyumba ya tatu ukafunguka. Papa Mwansa alitoka na singlendi, bila viatu. Nyuma yake sauti ya mkewe ilimwita mara moja, kwa jina, ikanyamaza. Alikuja katikati ya barabara, taratibu, kila mtu anamwona. Alinishika chini ya makwapa na kuninyanyua. Nakumbuka alisita, akanitazama usoni, kama mtu aliyeinua ndoo aliyodhani imejaa. Akaniweka kwenye kiti cha pili.

"Kaa," alisema.

Akazunguka nyuma, akasukuma. Sikuwahi kuona mtu akisukuma vile, kichwa chini, mikono imenyooka, vumbi likiruka kutoka nyayoni. Hatua tano, nane, kumi. Injini ilikohoa, ikashika. Mlio wake ulikuwa mkubwa kuliko gari, hata vijana kwenye kona walirukia kando, na kabla hawajafikiri tulikuwa tumewapita. Baba hakuweza kusimama; angepunguza tu, lingezimika. Aliinua mkono mmoja juu ya kichwa, bila kugeuka, akaushika hivyo mpaka mwisho wa barabara. Mimi niligeuka. Papa Mwansa alikuwa amesimama palepale, mikono kiunoni, akipumua, na wale vijana walikuwa wanamwendea.

Gari lilikwenda mpaka ng'ambo ya reli. Hapo baba alilazimika kupunguza kwa ajili ya watu waliojaa njia na mizigo yao, na likazimika. Hatukuliwasha tena. Lakini watu wale, waliokuwa wamechoka kubeba, walianza kuweka vifurushi vyao juu yake, kwa pua, kwa kiti, kwa mkia, kisha wakalisukuma pamoja, wanawake wengi, kila mmoja kidole kimoja tu, hadi uwanjani. Pale lilivuliwa. Bati la aluminiamu likawa paa la kibanda chetu, turubai la kiti likawa mlango.

Ni katika kibanda kile ndipo baba aliponiona. Hakukuwa na kitu kingine cha kutazama. Siku ya pili alileta uji katika kopo, nikasema nimeshiba. Alinishika kifundo cha mkono, vidole vyake vikazunguka na kupita. Akaniuliza tangu lini. Nilivuta mkono wangu. Akauliza tena, kwa Kiluba, na nikajua hakuna kukwepa.

"Ulisema utaniacha," nilimwambia. "Ulisema Ngalula iko muzito."

Nilimwona akirudi nyuma katika siku, akitafuta. Kisha akapata, na uso wake ukaporomoka kama ukuta wa udongo kwenye mvua.

"Ile ilikuwa batri," alisema. "Ile batri ya lori. Mwansa aliipa jina yako, juu mulikuwa kilo sawasawa."

Alikaa chini, mgongo kwangu, akilitazama bati alilolinyoosha mwenyewe. Baadaye alichota uji kwa kidole chake kichafu cha fundi, akauleta mdomoni mwangu, tone kwa tone, kama anavyolishwa kifaranga cha njiwa, na siku nyingi alinilisha hivyo ingawa nilikuwa mtoto wa miaka minane. Hatukulizungumza tena jambo lile. Nimegundua kwamba aibu ya mtu mzima na aibu ya mtoto zinaweza kulala kibanda kimoja bila kugusana.

Tulipelekwa Kasai kwa treni baadaye, tukamkuta mama. Mdogo wangu alikuwa anatembea, naye alinikimbia. Baba alifanya kazi huko kwenye magari ya watu na hakujenga lake tena. Nilipomwuliza habari za Papa Mwansa alisema yule mtu aliukana urafiki mbele ya ua wetu, kisha akalifuta kosa hilo, na mtu akifuta deni la aina ile hakuna neno la kumpelekea. Nadhani kweli yenyewe ni kwamba aliogopa jibu. Alikufa bila kuandika.

Mimi nilirudi mji huu nikiwa mke wa mtu. Mwaka mzima ulipita kabla sijapata moyo wa kwenda barabara ile. Nyumba yetu ilikuwa na watu wengine. Nyumba ya tatu ilikuwa na mama mmoja mzee, anakaanga karanga mlangoni. Nilimjua kwa sauti, ile iliyoita mara moja. Nilijieleza. Aliendelea kukoroga karanga, hakunipa kiti, nikakaa chini.

Aliniambia kwamba wale vijana walimvunja mumewe mkono wa kuume siku ile, na haukuunga vizuri, hakushika tena spana kubwa. Kwamba kaka yake mwenyewe alisimama akitazama. Kwamba mumewe aliishi miaka mingine kumi na miwili akilinda lango la shule, mtu asiye na mengi ya kusema, na hakuna aliyekuja kumwuliza kitu, si wa hapa wala wa Kasai. Aliyasema hayo bila kuniangalia.

"Bantu bote banakimbia," alisema, "na aye anasimama mu njia anasikiliza ile injini. Nilimuvuta, alikataa. Alisikiliza mpaka ku mwisho. Aliniambia kila mwaka, mpaka anakufa: haikuzimika."

Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Ni kweli haikuzimika?"

Nilisikia mafuta yakichemka katika kikaango.

"Ni kweli, mama," nilimwambia. "Ilifika."

Akanisogezea kigoda kilichokuwa kando yake, kwa mguu, nikakikalia.